Chama cha baiskeli cha Tamil Nadu: kilizoa viti 59 kati ya 60, kikaishi miaka sita

Msafiri wa Kusini (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Nilisoma chuo Tiruchirappalli, katikati ya jimbo la Tamil Nadu, India ya kusini. Novemba 2014 mji ulijaa bendera na mabango ghafla. Karibu kila bango lilikuwa na picha ya mzee mmoja aliyevaa shati jeupe. Nikamuuliza dereva wa bajaji mzee huyo anagombea nini. Akasema hagombei kitu, alishafariki, na chama chake kilikufa baada yake. Leo mwanawe anakifufua. Kisha akanisimulia njia nzima mpaka getini, na tulipofika akazima injini akaendelea.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikikifuatilia chama hicho. Kinaitwa Tamil Maanila Congress, kwa kifupi TMC. "Maanila" ni "jimbo" kwa Kitamil, kwa hiyo ni Congress ya Jimbo la Watamil. Mzee mwenyewe ni G.K. Moopanar. (Siku hizi ukiona herufi TMC kwenye habari za India, mara nyingi ni Trinamool, chama cha Mamata Banerjee wa Bengal. Hao ni wengine, nitawagusa baadaye.)

Naanza nyuma kidogo, maana bila hapo hamtaelewa hasira iliyokizaa.

Congress, chama kikongwe cha taifa, ilitawala jimbo hilo tangu uhuru. Kiongozi wake mkubwa alikuwa Kamaraj, waziri kiongozi kuanzia 1954 hadi 1963. Aliacha shule akiwa mtoto, lakini ndiye aliyejenga shule vijijini na kuweka chakula cha mchana ili watoto wa maskini wasikae nyumbani. Mpaka nilipokuwa huko, wazee walikuwa wakimtaja kwa heshima ya baba mzazi. Ila mwaka 1967 Congress iliangushwa na DMK, chama cha Kitamil kilichobebwa na hoja ya lugha na heshima ya watu wa kusini. Kamaraj mwenyewe alishindwa na kijana aliyetoka kwenye harakati za wanafunzi. Tangu mwaka huo Congress haijaongoza tena serikali ya Tamil Nadu.

Baadaye DMK ikapasuka, ikazaliwa AIADMK. Congress ikabaki ya tatu: ina wapiga kura wake waaminifu, lakini hawatoshi kushinda. Ikawa kila uchaguzi makao makuu Delhi wanaamua safari hii tupande mgongo wa nani. Makada wa jimboni, waliohangaika vijijini miaka mitano, wanaletewa tu taarifa.

Hapo ndipo penye kidonda chote. Nakunywa chai, narudi.

Kibatari

Tupo mkuu, nimekaa mbele kabisa. Ila fafanua: Moopanar alikuwa nani kabla ya chama? Tajiri? Mwanasheria? Mcheza sinema? Kule kusini nasikia sinema ndiyo mlango wa siasa.

Msafiri wa Kusini

Kibatari, la sinema umesema kweli na litakuja.

Moopanar alizaliwa 1931, mtu wa Kabisthalam, wilaya ya Thanjavur, eneo la mto Kaveri lenye mpunga mwingi. Familia yake walikuwa wenye mashamba makubwa. Alikuwa mfuasi wa Kamaraj, mpenzi mkubwa wa muziki wa kale wa India ya kusini (Carnatic), na si mtu wa kupayuka jukwaani. Nguvu yake ilikuwa ndani ya chama. Alijua nani ni nani katika kila wilaya, na Delhi walimwamini kwa miaka mingi. Mwaka 1989 Congress ilithubutu kusimama peke yake jimboni, yeye akiongoza, ikaambulia viti 26 kati ya 234. Kwa hiyo alishajua kwa mwili wake bei ya kusimama peke yako.

Mei 1991 Rajiv Gandhi, kiongozi wa Congress, aliuawa kwa bomu Sriperumbudur, kilomita kama 40 kutoka Madras, akiwa kwenye kampeni. Congress ilikuwa imeungana na AIADMK ya Jayalalithaa, aliyekuwa nyota wa sinema. Muungano huo ukabeba viti 225 kati ya 234 na viti vyote 39 vya jimbo katika bunge la taifa, Lok Sabha. Jayalalithaa akawa waziri kiongozi.

Miaka mitano iliyofuata ikajaa tuhuma za ufisadi. Kilichowachoma watu zaidi ni arusi ya mtoto wake wa kulea, Septemba 1995, iliyoingia hata kwenye kitabu cha rekodi za dunia kwa wingi wa wageni. Dereva wangu alikuwa kijana wakati huo. Aliniambia mama yake alitazama taa za arusi ile kwenye televisheni ya jirani, akaondoka bila kuaga.

Sasa fikirieni. Machi 1996, uchaguzi wa bunge la jimbo na wa taifa unakuja pamoja. Wana-Congress wa Tamil Nadu wamezunguka vijijini wakiisema serikali ya Jayalalithaa. Halafu waziri mkuu P.V. Narasimha Rao, ambaye ndiye pia mwenyekiti wa chama, anatangaza kutoka Delhi: tunaungana tena na AIADMK.

Sathyamurthy Bhavan, ofisi ya chama pale Madras, ilifurika wanachama wenye hasira. Tarehe 29 Machi 1996 Moopanar akatoka na karibu chama kizima cha jimbo. Akiwamo P. Chidambaram, mwanasheria aliyekuwa waziri katika serikali ya Rao huyohuyo.

Mwana wa Mto Pangani

Mwezi mmoja kabla ya kura? Chama kipya, alama mpya, karatasi za wagombea… Wapiga kura wasiojua kusoma wamezoea alama ya mkono ya Congress. Waliwezaje?

Msafiri wa Kusini

Swali zuri kuliko yote. Waliwezeshwa na vitu vitatu vilivyotokea kwa pamoja.

Kwanza, Moopanar hakurudia kosa la 1989. Aliungana na DMK ya Karunanidhi haraka, na mpatanishi alikuwa mwandishi Cho Ramaswamy. Wakagawana: TMC wachukue viti 40 vya jimbo na 20 vya Lok Sabha.

Pili, Rajinikanth, nyota mkubwa wa sinema za Kitamil. Huyu hakuwa mwanachama wa chama chochote, lakini Tamil Nadu jina lake peke yake linajaza uwanja. Alitoka hadharani kuunga mkono muungano huo, akasema Jayalalithaa akirudi madarakani hata Mungu hataweza kuiokoa Tamil Nadu. Maneno hayo yalirushwa kwenye televisheni, na mpaka nilipofika mimi, watu walikuwa bado wanayasema kwa kuiga sauti yake.

Tatu, alama. Tume ya uchaguzi iliwapa baiskeli. Na Rajinikanth alishawahi kuigiza muuza maziwa anayezunguka na baiskeli, sinema iliyopendwa mno. Mabango yake juu ya baiskeli yakatapakaa. Bibi asiyejua herufi hata moja alijua aweke muhuri wapi.

Matokeo, someni taratibu: kati ya viti 40 vya jimbo walishinda 39. Kati ya 20 vya Lok Sabha walishinda 20. Pamoja na DMK na wakomunisti wa CPI wakabeba Lok Sabha yote ya jimbo, 39 kwa 39. Jayalalithaa akaangushwa kwenye jimbo lake la uchaguzi, Bargur, na chama chake kikabaki na viti 4. Congress yenyewe, ile ya Rao, haikupata hata kiti kimoja Tamil Nadu, si cha jimbo wala cha taifa.

Chama chenye umri wa wiki chache kilikuwa na wabunge 20 Delhi.

Mkaazi wa Muscat

Nimefurahi kuuona uzi huu. Hapa Muscat nafanya kazi na Watamil wengi, mmoja katoka Thanjavur hasa. Nimemsomea sehemu ya Moopanar nikimtafsiria, akaweka sahani chini. Kasema baba yake alikuwa mtu wa baiskeli mpaka siku ya mwisho. Anauliza kama mleta uzi anajua kwamba mzee wao nusura awe waziri mkuu wa India.

Msafiri wa Kusini

Mkaazi wa Muscat, msalimie sana ndugu huyo. Najua, na ndipo nilipokuwa naelekea.

Mwaka 1996 hakuna aliyepata wingi Delhi. Serikali ya Vajpayee wa BJP, chama cha utaifa wa Kihindu, ilidumu siku 13. Vyama vya majimbo na vya mrengo wa kushoto vikaunda United Front, Deve Gowda akawa waziri mkuu, Congress ikiwashikilia kutoka nje. TMC ikapewa wizara nzito: Chidambaram akawa waziri wa fedha. Bajeti yake ya Februari 1997 ilishusha kodi ya juu ya mapato ya mtu binafsi kutoka asilimia 40 hadi 30. Magazeti yakaiita bajeti ya ndoto, na jina hilo limebaki mpaka leo.

Mwisho wa Machi 1997 Congress, sasa chini ya Sitaram Kesri, ikamkataa Deve Gowda, na Aprili serikali yake ikaanguka. United Front ikatafuta mtu mwingine, na jina la Moopanar likawa mezani kwa uzito wote. Hakupata. Akachaguliwa I.K. Gujral. Watu wa TMC waliamini kwamba mshirika wao wa nyumbani, DMK, hakumtaka mzee apande juu ya Karunanidhi. TMC ikakaa nje ya serikali ya Gujral kwa siku chache, kisha ikarudi, na Chidambaram akarejea fedha tarehe 1 Mei.

Nikiutazama mkasa huo naona ufa wa kwanza. Nyumba ilikuwa bado mpya, lakini waliolala chumba kimoja walishaanza kugeuziana mgongo.

Bi Zawadi

Mimi naomba kupinga kidogo kabla hujafika mwisho, kwa sababu naona unaelekea kusema walijiua wenyewe. Nimesoma mambo ya India kazini miaka mingi. Chama hiki kiliuliwa na DMK mwaka 1999. Tazama mfuatano: 1998 bado wako pamoja, wakapigwa. Mabomu ya Coimbatore ya Februari 14 yalitisha watu, Jayalalithaa akaungana na BJP, muungano wao ukachukua viti 30 kati ya 39. TMC ikabaki na wabunge 3. Sawa, kuanguka kupo. Lakini mwaka uliofuata Jayalalithaa akamtosa Vajpayee, serikali ikaanguka kwa kura moja, na DMK ikakimbilia nafasi iliyoachwa wazi pale BJP. Moopanar angefanya nini? Alikataa kwenda kwa BJP kwa sababu ya msimamo wake kuhusu dini na siasa. Mimi namheshimu kwa hilo.

Msafiri wa Kusini

Bi Zawadi, shikamoo. Mimi pia namheshimu kwa hilo, na zaidi kwa alichofanya baadaye mwaka huohuo wa 1999, jambo ambalo wengi hawalitaji.

Aliwakataa wote wawili. Hakwenda na DMK iliyoko kwa BJP, hakwenda na Jayalalithaa. Akaungana na vyama vya Dalit, watu waliowekwa chini kabisa katika mpangilio wa tabaka: Puthiya Tamilagam ya Dk. Krishnasamy, na Thirumavalavan, ambaye mpaka hapo harakati zake zilikuwa zikisusia uchaguzi. Huo ulikuwa uchaguzi wake wa kwanza kugombea, katika jimbo la uchaguzi linaloitwa Chidambaram (mji, msichanganye na waziri). Mwenye mashamba wa Thanjavur kukaa meza moja na Dalit kama washirika halikuwa jambo dogo. Chuoni nilikuwa na rafiki Dalit. Alinieleza jinsi katika kijiji chao bilauri za chai zilivyokuwa mbili kwenye kibanda kimoja, yao na ya wengine. Ukijua hilo, unaelewa ukubwa wa muungano ule.

Na hawakupata hata kiti kimoja. Chidambaram waziri naye akaanguka Sivaganga. Thirumavalavan alishindwa, lakini alipata kura nyingi kiasi kwamba tangu hapo hakuna aliyeweza kumpuuza.

Bi Zawadi

Marahaba. Basi tunakubaliana: waliuliwa na hesabu.

Msafiri wa Kusini

Nusu tunakubaliana. Hesabu iliwajeruhi 1999. Ila kaburi walichimba 2001.

Uchaguzi wa jimbo Mei 2001. Moopanar anaongoza chama kilichozaliwa kwa sababu moja tu inayojulikana na kila mtoto: hatukubali kuungana na Jayalalithaa. Na mwaka huo akaungana na Jayalalithaa. Hoja yake ilikuwa kwamba BJP ni hatari kubwa zaidi, na DMK ndiyo inayoibeba BJP jimboni. Naielewa. Nimeigeuza mara nyingi kichwani na bado naielewa. Pia kwa hesabu ilimlipa: TMC ikagombea viti 32, ikashinda 23.

Lakini muulizeni kada aliyetoka Sathyamurthy Bhavan usiku ule wa 1996, akapoteza marafiki, akajifunza kuchora baiskeli ukutani mahali alipozoea kuchora mkono. Anamwambia nini jirani yake? Na upande wa pili wa muungano huohuo walikuwapo Congress wenyewe, wale waliowaacha. Wako pamoja na Jayalalithaa, wako pamoja na Congress. Mpaka wa kutenganisha vyama viwili uko wapi tena?

Chidambaram alikataa. Akatoka, akaunda kikundi chake, Congress Jananayaka Peravai, akaenda upande wa DMK, akapata viti 2. Chama kilichomeguka kikawa kimemeguka tena.

Tarehe 30 Agosti 2001 Moopanar akafariki. Mwanawe G.K. Vasan akachukua usukani, na Agosti 2002 TMC ikaungana tena na Congress ya Sonia Gandhi. Miaka sita na miezi michache.

Kibatari

Duh. Viti 59 kati ya 60, halafu hivyo. Lakini mkuu, Trinamool ilizaliwa Januari 1998, nayo imetoka Congress, nayo ni ya jimbo. Mbona yenyewe haikufa, na mwaka 2011 ikaingia madarakani Bengal? Tofauti ni kiongozi tu?

Msafiri wa Kusini

Kibatari, hapa ndipo nilipokesha.

Kiongozi ni sehemu. Ila tazama namba niliyoiandika juu bila kuisema: viti 40 kati ya 234. Bunge la Tamil Nadu, ili uunde serikali unahitaji 118. Chama kinachogombea 40, hata kikishinda vyote, hakiwezi kutawala. Kwenye mikutano walikuwa wanaahidi utawala wa Kamaraj, lakini kwenye karatasi ya mgawanyo wa majimbo walishakubali kuwa abiria. Walikimbia Delhi isiwapandishe mgongo wa AIADMK, wakapanda wenyewe mgongo wa DMK. Mamata alitaka kiti chenyewe, na adui wake, wakomunisti wa CPI(M), alikuwa palepale nyumbani. Hakumtegemea mtu wa tatu ampe nafasi ya kupigana.

Kisha kuna jambo la Rao. Hasira ya 1996 ilikuwa juu ya uamuzi wa mtu mmoja. Rao aliondoka kwenye uenyekiti mwaka huohuo, na 1998 Sonia Gandhi akashika chama. Mwana-TMC hakuwa na ugomvi na Sonia. Nyumbani kwake ilikuwa bado imetundikwa picha ya Kamaraj, na jirani yake wa Congress alikuwa nayo hiyohiyo.

Waliopita njia hiyo ni wengi. Bangla Congress ya Ajoy Mukherjee ilitoka Congress ya Bengal 1966. Mwaka uliofuata yeye akawa waziri kiongozi, na 1971 wakarudi. Telangana Praja Samithi ilishinda viti 10 vya Lok Sabha mwaka 1971 kwa madai ya jimbo la Telangana, na mwaka huohuo ikaingia Congress. Telangana yenyewe ikasubiri mpaka 2014.

Mwana wa Mto Pangani

Hilo la mgawanyo wa majimbo limenifungua macho. Lakini kwa mwezi mmoja wangeweza kudai ngapi? DMK ndiyo ilikuwa na mtandao. Nadhani ungewapa haki yao: bila DMK wangekuwa tena na 26 zao za 1989, au pungufu.

Msafiri wa Kusini

Ni kweli, na nakubali niliwabana. 1996 hawakuwa na njia nyingine. Lawama yangu naisogeza mbele: kati ya 1996 na 1999 walikuwa na wabunge 20, wizara ya fedha, wabunge wa jimbo 39 na jina safi. Muda huo ndio ulikuwa wa kujenga matawi katika yale majimbo ya uchaguzi 194 ambako baiskeli haikuwahi kuonekana kwenye karatasi ya kura. Dereva wangu kwao ilikuwa mojawapo. Alisema alikipenda chama hicho miaka yote na hakuwahi kupata nafasi ya kukipigia kura ya jimbo.

Mkaazi wa Muscat

Ndugu wa Thanjavur anasema hilo la mwisho ni kweli tupu. Anauliza pia kama ulikwenda kwenye mkutano wa Vasan pale Tiruchirappalli 2014.

Msafiri wa Kusini

Nilikwenda, nikasimama nyuma kabisa. Sikujua Kitamil cha kutosha kufuata hotuba, ila jina la Moopanar na la Kamaraj nilikuwa nayasikia kila dakika, na kila mara wazee walinyanyua mikono. Vijana hawakuwa wengi. Vasan alikuwa ametoka kuwa waziri wa bandari na meli Delhi hadi Mei mwaka huo, Congress ikaanguka vibaya, naye akatoka.

Uchaguzi wa 2016 hawakupewa baiskeli, walipewa alama ya minazi. Hawakupata kiti. 2021 waliungana na AIADMK, wakagombea viti 6 kwa alama ya AIADMK, wakakosa vyote. Vasan mwenyewe aliingia Rajya Sabha, baraza la juu la bunge la taifa, mwaka 2020 kwa kura za AIADMK, na 2024 chama chake kilisimama pamoja na BJP, ile ambayo baba yake aliikataa 1999 akapoteza kila kiti.

Chidambaram alirudi wizara ya fedha Mei 2004, safari hii chini ya waziri mkuu Manmohan Singh na Congress.

Mwambie ndugu yetu hivi: baada ya mkutano nilirudi na dereva yuleyule. Nyuma ya kiti chake alikuwa amebandika karatasi ya baiskeli, imepauka mpaka magurudumu hayaonekani vizuri. Nikamuuliza ni ya leo. Akasema hapana, ni ya 1996.